Wawili ndani ya boti moja: Goma hadi Bukavu kwa ziwa

Watu wengi wa Goma, mashariki ya Kongo, wakitaka kwenda Bukavu kwa Ziwa Kivu hupanda kano, yaani boti, ya mwendo kasi asubuhi na kushuka kabla ya chakula cha mchana, au hulala ndani ya meli kubwa wakaamkia upande wa pili. Mimi na bwana wangu tulitumia siku sita. Tulikuwa na boti yetu ya mbao ya mita saba na motere ya nguvu za farasi 15. Tumefanya safari hiyo mara tatu, 2017, 2019 na 2022, na tangu hapo haupiti muda mrefu bila mke na mume fulani kubisha hodi kwetu Himbi, mtaa wa Goma, wakiuliza tulifanyaje. Ninaandika majibu yote mahali pamoja, kwa sababu safari hii ninaipenda na sitaki isahaulike.

Sasa hivi boti yetu iko uani, imefunikwa turubai. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo, na hatujatoka tena. Motere tunaiwasha kila mwezi ndani ya pipa la maji ili isigande. Kwa hiyo anayesoma haya asiyachukue kama ruhusa ya kuondoka kesho. Nenda bandari ya Kituku hapa Goma, tafuta mtu aliyevuka jana, muulize alisimamishwa wapi na nani. Habari ya wiki iliyopita imeshazeeka.

Anzeni na mapatano

Kabla ya kununua hata kamba, kaeni chini wawili mpatane neno la nani litafuatwa mkiwa majini. Sisi hatukufanya hivyo mara ya kwanza, na nitaeleza kilichotupata.

Mwaka 2017 tulikuwa Minova, tumesubiri esansi, yaani petroli, tangu saa mbili asubuhi. Ilifika saa tano. Nilimwambia bwana wangu, "Papa, tulale hapa leo." Akajibu upepo bado mdogo, na kuvuka mpaka Idjwi ni saa mbili tu. Yeye ni fundi wa motere, mimi ni mshonaji; nikanyamaza. Tulipofika katikati motere ikakohoa mara tatu, ikazima. Upepo wa mchana ulikuwa umeshaamka. Boti isiyo na nguvu haikai sawa, hugeuka na kuyapa mawimbi ubavu, na kila wimbi likawa linatumwagia maji ndani. Nilichota kwa sufuria ya bukari, ile ya ugali, yeye anafungua kabureta huku mikono inatetemeka. Boti iliyokuwa inapeleka mananasi ya Idjwi sokoni Minova ndiyo iliyotutupia kamba, ikaturudisha tulikotoka.

Usiku ule aliniambia, "Mama, niliona unaogopa, na sikukuuliza unaogopa nini." Hapo tukatoa sheria ambayo hatujaivunja tena: ndani ya boti, anayeogopa zaidi ndiye mwenye neno. Akisema turudi, tunarudi. Akisema tulale, tunalala, na sababu tunaulizana tukishafika nchi kavu. Haijalishi nani anakijua chombo zaidi. Aliyekizoea sana huchelewa kuiona hatari, ndivyo nilivyojifunza kwa kumtazama mume wangu ambaye ni hodari kweli katika kazi yake.

Nimewaambia hivyo wenzetu wengi, na wanaume husema, "Basi hatutaondoka kabisa, mke wangu anaogopa hata maji ya beseni." Huwa ninawajibu waanze kwa kuzunguka karibu na ukingo, Jumapili tatu mfululizo. Mke akishika usukani mwenyewe, hofu yake inakuwa ya mtu anayejua anachokiogopa, na hofu ya namna hiyo inafaa kusikilizwa. Safari yetu ya pili mimi nilishika motere saa nzima kila siku. Lazima kila mmoja aweze kufikisha boti peke yake, kwa maana mwenzako akianguka majini ni wewe utakayeigeuza.

Esansi, motere na ndoo

Kilichotuzimia ile siku kilikuwa maji ndani ya esansi. Aliyetuuzia simtaji, labda na yeye aliuziwa hivyo. Tangu siku hiyo kila esansi tunayonunua njiani tunaimimina kidogo ndani ya chupa nyeupe ya plastiki na kuiacha itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka chini na utaona mstari. Ukiuona, rudisha ndani ya bidoni, yaani dumu. Hata usipouona, mimina kwenye tangi kupitia kitambaa kisafi, polepole, na mabaki ya chini ya bidoni usiyamimine.

Ziwa Kivu liko juu, mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa huko juu ni nyepesi. Motere inapungukiwa nguvu. Ile ya 15 inakuwa kama ya 12 na kidogo, kwa hiyo usipange safari kwa hesabu ya kitabu cha kiwanda. Boti yetu ikiwa na sisi wawili na mizigo inakwenda kilomita 12 kwa saa tukiiendesha kwa upole, na inakunywa lita nne hivi kila saa. Njia yetu ya kupitia Idjwi ni kama kilomita 130. Fanya hesabu, kisha ongeza theluthi: sisi tunatoka Goma na tangi la lita 24 na bidoni mbili za lita 20. Motere ya kuchanganya mafuta, kama yetu, inataka lita moja ya oili kwa lita 50 za esansi. Soma yako inataka nini. Buji (plagi) mbili za akiba, kamba ya kuwashia ya akiba, ufunguo wa buji, na makasia mawili ya kweli. Si mbao za kukokotea.

Na ndoo. Ndoo imara yenye mpini wa chuma, imefungwa kamba ya mita kumi na tano kwenye omo, ile pua ya boti. Motere ikizima kwenye upepo, itupe majini mbele. Itajaa maji, itavuta, na boti itaelekeza pua kwenye mawimbi badala ya ubavu. Aliyenifundisha ni mzee mvuvi wa Katana, na ninatamani ningekutana naye kabla ya 2017.

Jile

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa watu na mizigo kupita kiasi, ilizama mbele ya Kituku ikiwa karibu kabisa kufika. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wanaitazama. Ukiangalia video utaona maji yametulia. Sina maneno ya kuongeza juu ya siku ile, ila ninaomba kila anayesoma haya avae jile, yaani koti la kujiokolea, tangu anakanyaga boti mpaka anashuka, hata jua likiwaka, hata ukingo ukiwa mita mia moja.

Kuvaa peke yake hakutoshi. Lipimeni. Nendeni mahali maji yanapofika kifuani, mruke nalo. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwako au mikanda imelegea. Lile linalopita mkanda katikati ya miguu ndilo bora. Dada zangu, kitenge kiacheni ndani ya mfuko: kikilowa kinafunga miguu kama kamba. Mimi ninasafiri na suruali, kitenge ninakivaa tukishafika kwa watu.

Mzigo

Toka nyumbani mapema. Sisi tulikodi chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo, kutoka Himbi mpaka majini, na kijana mmoja alibeba bidoni, babula (jiko la makaa), godoro jembamba na motere yenyewe kwa safari moja. Vitu vizito viweke chini katikati, vyote ndani ya mifuko ya plastiki migumu iliyofungwa mdomo. Simu, karata ya uchaguzi na fotokopi za karatasi za boti ziingie ndani ya chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza.

Chakula chetu kikuu ni fromaji (jibini) ya Masisi. Gurudumu zima linakaa siku nyingi bila friji, ukilifunga kwa kitambaa na kuliweka kivulini. Pamoja na mkate, parachichi na ndizi, mnakula mkiwa majini bila kupika. Babula ni ya ukingoni tu. Makala (makaa) na esansi visikutane ndani ya boti, hata kama mnatamani kahawa kiasi gani.

Beba pia chumvi, sabuni na sukari za kutosha kugawa. Nitaeleza sababu.

Saa na majira

Nenda Juni mpaka Agosti, kiangazi. Mvua za Kivu huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na radi juu ya ziwa si kitu cha kutazama ukiwa ndani ya mbao. Kiangazi kina taabu yake: moshi wa mashamba na vumbi hufanya ukungu, na kuna asubuhi huoni Idjwi mpaka umeikaribia. Basi usiende mbali na ukingo siku hizo.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Saa tano uwe umefunga kamba. Mchana upepo huja, na alasiri haina huruma. Ndiyo maana safari hii ni siku sita: kila siku ni saa mbili au tatu za maji, zilizobaki ni za watu.

Usiku msisafiri. Usiku ni wa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Utawaona mbali kwa taa zao: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu umeshuka katikati. Alfajiri ukikutana nao wanarudi, punguza motere uzunguke kwa mbali, usikate mbele yao. Wanarudi wakipiga kasia kwa wimbo mmoja, na sisi kila mara tulizima motere tukawasikiliza. Hiyo peke yake inatosha kumtoa mtu kitandani.

Njia

Kabla ya kuondoka jiandikisheni kwa komiseri wa bandari, mpate karatasi ya safari yenye majina yenu wawili na vituo vyote. Kila mnapoegesha mtaulizwa na watu wa uhamiaji, wa majini, wa chifu. Msikasirike. Fotokopi moja kwa kila mmoja, salamu ndefu, na mwambieni mnatoka wapi na mnaenda kwa nani. Sisi tulisema tunakwenda kwa wakwe, na ilikuwa kweli; mama yangu alikuwa anatusubiri Bukavu.

Siku ya kwanza ni Goma mpaka Minova, kilomita 25 hivi. Kaa na ukingo mkono wa kulia. Msiingie ghuba ya Kabuno kwa kupiga kambi, wala msilale kwenye mabonde ya mawe ya volkano yaliyo karibu na maji kati ya Goma na Sake. Huko kuna mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, hujikusanya shimoni usiku usio na upepo. Haina rangi wala harufu. Ukikuta ndege au wadudu wamekufa mahali pa chini, ondoka upande juu, na usiiname kuokota kitu. Watoto wa Goma wanaambiwa hivyo tangu wadogo, lakini wageni huona mahali pazuri palipojificha upepo, wakatandika.

Mama mkwe wangu aliogopa gesi nyingine, ile methani iliyo chini ya ziwa. Nilimweleza hivi: ziwa lina kina cha mita 480 na zaidi, na gesi hiyo imelala kilindini, imebanwa na uzito wa maji ya juu. Motere yetu inakoroga maji ya nusu mita tu. Alitulia kiasi. Alinipa hata hivyo rozari ya kufunga kwenye omo, na iko hapo mpaka leo.

Siku ya pili ni kuvuka kutoka Minova mpaka kaskazini ya Idjwi, kilomita nyingine kama hizo, na hapa ndipo pa kuwa na akili timamu kwa sababu hakuna ukingo wa kukimbilia. Hakikisha milima ya volkano, Nyiragongo na Nyamulagira, inabaki nyuma yako. Usiteleze kwenda mashariki ya kisiwa: mpaka na Rwanda uko majini, hauna alama, na wavuvi wengi wamekamatwa kwa kuuvuka bila kujua. Shuka na upande wa magharibi.

Idjwi mkae siku mbili. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, chenye utawala wa kimila wa pande mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Mkifika kijijini, boti ibaki na mmoja, mwingine apande kwa chifu kusalimu. Sisi tulikuwa tunakwenda wote, mpaka mama mmoja akaniambia, "Mama, mkienda wote munaonekana kama munakimbia kitu." Sasa ninapanda mimi, na chumvi na sabuni zangu. Mwanamke akiomba mahali pa kulala mume wake, milango inafunguka haraka. Niliambiwa hivyo, na nimeona ni kweli. Kila mara tulilala ndani ya nyumba. Hema letu tulilifungua mara moja tu, kulianika.

Kuleni mananasi. Sijala mengine kama yale. Kahawa pia inalimwa pale, na mkiomba watawakaangia ya nyumbani.

Kutoka Idjwi mnavuka tena magharibi mpaka Kalehe. Mkondo huu ni mwembamba kuliko ule wa kaskazini na mnaona mnakokwenda. Upande wa juu wake ni Bushushu na Nyamukubi. Mei 2023 mito ilishuka kutoka milimani ikachukua vijiji, zaidi ya watu 400 wakafa. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekula samaki Nyamukubi kwa mama mmoja aliyekataa nichote maji mwenyewe. Sijui habari zake. Mkipita hapo punguzeni mwendo: midomo ya mito ile ilijaa mawe na magogo, na vitu kama hivyo hukaa chini ya maji miaka mingi. Na mkishuka, nunueni kitu kwa wenyeji.

Kalehe mpaka Katana ni asubuhi moja fupi. Katana ni kwetu kwa upande wa mama, kwa hiyo hapo siwezi kusema kama mgeni. Sisi hatukulipa chochote na tulikatazwa kuondoka. Wengine wataona wenyewe.

Kuingia Bukavu

Siku ya sita msiharakishe. Bukavu imeingia ziwani kwa rasi ndefu kama vidole vya mkono, na mtu anayekuja kutoka kaskazini anaweza kuchanganya ghuba moja na nyingine. Chagueni mapema mtaegesha wapi, mpigie ndugu asimame ukingoni na kitambaa cha rangi. Kaka yangu alisimama na shuka jekundu, tukamwona kwa kilomita nzima.

Msipitilize kwenda kusini-mashariki. Huko ndiko Ruzizi unakotoka ziwani, na hapo ni mpaka tena, na kilomita chache mbele kuna bwawa la umeme. Wenzetu wengine hutuuliza kama mtu anaweza kushuka na boti hiyo hiyo mpaka Tanganyika. Hawezi. Kati ya maziwa haya mawili maji yanaporomoka karibu mita 700 kwa magenge na maporomoko. Anayetaka kuendelea atashuka kwa gari mpaka Uvira, kisha atafute chombo bandarini Kalundu. Sambaza walifanya safari hiyo kinyume mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini walibebwa na watu.

Kitu cha mwisho ni plastiki. Karibu na Bukavu maji yamebeba chupa, mifuko, sandali, vipande vya nyavu. Vinasukumwa na mkondo kuelekea Ruzizi, na hata mitambo ya umeme inasumbuliwa navyo. Mara ya kwanza mfuko ulijizungusha kwenye helisi (pangaboi) yetu mita mia mbili kutoka ukingoni, motere ikaanza kulia. Ukisikia sauti imebadilika, zima mara moja, usijaribu kuongeza nguvu. Inua motere, mmoja ashike kasia kuzuia boti isizunguke, mwingine akate kwa kisu kifupi, jile limevaliwa, kamba ya kuwashia imeachwa kabisa. Mwaka 2022 hatukusubiri mfuko. Tulipoona chupa za kwanza tulizima wenyewe, tukainua motere, tukashika makasia yale mawili. Ilituchukua karibu saa nzima kufika kwenye shuka jekundu, na mama alikuwa ameshateremka mpaka majini na viatu vyake.